Saro-Wiwa alinyongwa, ardhi ya Ogoni ikapimwa miaka 16 baadaye

MNAMO Novemba 10, 1995, wanaume tisa walitolewa seli katika mji wa Port Harcourt, kusini mwa Nigeria, wakanyongwa. Miongoni mwao alikuwa Ken Saro-Wiwa, mwandishi wa riwaya na vipindi vya televisheni, aliyekuwa na umri wa miaka 54.

Kosa alilohukumiwa kwalo lilikuwa kuchochea mauaji. Lakini watu wengi ndani na nje ya Nigeria waliamini kwamba kilichomponza hasa ni kuuliza swali ambalo serikali ya kijeshi haikutaka kulisikia: je, visima vya mafuta vimeifanya nini ardhi ya Waogoni, na ni nani aliyewaomba idhini wenye ardhi hiyo?

Jibu kamili lilitolewa Agosti 4, 2011. Siku hiyo Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP), lenye makao yake makuu mtaani Gigiri jijini Nairobi, lilichapisha ripoti ya uchunguzi wa kisayansi kuhusu Ogoni. Aliyeuliza alikuwa kaburini kwa karibu miaka 16.

Kenule Beeson Saro-Wiwa alizaliwa Oktoba 10, 1941, katika mji wa Bori, Ogoni. Babake, Jim Beeson Wiwa, alikuwa chifu.

Ogoni ni eneo dogo la takriban kilomita 1,000 mraba, pembezoni mwa Delta ya mto Niger. Wakazi wake waliishi kwa kilimo cha viazi vikuu na muhogo, na kwa uvuvi katika vijito vilivyozungukwa na mikoko. Kufikia miaka ya tisini, Waogoni walikadiriwa kuwa nusu milioni, kabila dogo katika taifa la zaidi ya makabila 250.

Mafuta yaligunduliwa kwa wingi wa kibiashara mjini Oloibiri, katika Delta hiyo hiyo, mwaka wa 1956. Miaka miwili baadaye, 1958, kampuni ya Shell ilipata mafuta Ogoni kwenyewe, katika eneo lililoitwa Bomu. Nigeria ilikuwa bado koloni la Uingereza, na Saro-Wiwa alikuwa mwanafunzi katika Shule ya Serikali ya Umuahia, mojawapo ya shule bora zaidi nchini humo.

Wakati huo hapakuwa na sheria popote duniani iliyomlazimu mwenye mradi kuchunguza kwanza madhara yake kwa mazingira. Marekani, iliyokuwa nchi ya kwanza kuweka sharti hilo, iliidhinisha sheria yake Januari 1, 1970. Wachimbaji walipofika Ogoni walihitaji leseni ya serikali tu. Mkulima aliona barabara ikikatwa katikati ya shamba lake, mtambo ukisimamishwa, na bomba likilazwa juu ya ardhi kando ya nyumba yake.

Kijana huyo wa Bori alikuwa na mambo mengine akilini. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Ibadan, akasomea Kiingereza na kupenda sana maigizo. Alinuia kuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Vita vya Biafra, vilivyozuka 1967, vilivuruga mipango hiyo. Ogoni ilikuwa ndani ya eneo lililotangaza kujitenga. Saro-Wiwa alitoroka, akaunga mkono serikali kuu, na punde akateuliwa msimamizi wa Bonny, mji wa bandari ambako mafuta ya Delta hupakiwa melini. Akiwa huko, aliona kwa macho yake utajiri ukiondoka huku vijiji vilivyoutoa vikibaki gizani.

Vita vilipoisha 1970, alihudumu katika serikali ya jimbo jipya la Rivers. Mwaka wa 1973 alifutwa kazi, hasa kwa sababu ya kusisitiza kwamba Waogoni wapewe uwezo zaidi wa kujisimamia. Akageukia biashara, akafungua duka la vyakula na kununua majumba mjini Port Harcourt. Biashara ilimwendea vyema, na fedha hizo ndizo zilizomwezesha baadaye kuandika bila kumtegemea yeyote.

Mwaka wa 1985 ulimletea umaarufu. Alichapisha riwaya ya Sozaboy, kisa cha kijana anayeingia vitani bila kujua anapigania nini, iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa cha mitaani. Mwaka huo huo kipindi chake cha vichekesho, Basi and Company, kilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya taifa. Kilihusu walalahoi wa Lagos wanaoota kuwa mamilionea bila kutoa jasho. Mamilioni ya Wanigeria walikitazama kila wiki hadi 1990.

Mtu huyo mfupi, aliyezoea kuonekana akiwa na kiko mdomoni, angeweza kuzeeka kwa raha akihesabu mapato ya vitabu na kodi za nyumba. Badala yake, kila aliporejea Ogoni alikuta hali imezidi kuwa mbaya.

Gesi iliyotoka pamoja na mafuta iliteketezwa hewani usiku na mchana karibu na makazi ya watu. Mabomba yaliyozeeka yalivuja, na mafuta yakatiririka mashambani na vijitoni. Huko Ebubu, mafuta yaliyomwagika wakati wa vita vya Biafra yaliacha ardhi ikiwa nyeusi na ngumu kwa miongo kadhaa. Katika upande wa Eleme, ulio sehemu ya Ogoni, kulijengwa pia mitambo ya kusafisha mafuta na kiwanda cha mbolea.

Wavuvi walilazimika kwenda mbali zaidi baharini. Wakulima walivuna kidogo. Wakazi walichota maji ya kunywa katika visima vyenye harufu ya mafuta. Vijiji vingi havikuwa na umeme wala maji ya mfereji, ilhali mafuta ya Ogoni yalisaidia kujenga barabara na majumba katika miji ya mbali.

Mnamo 1990, Saro-Wiwa na viongozi wenzake waliandika Mswada wa Haki za Waogoni, wakaupeleka kwa serikali. Walidai kujitawala kisiasa ndani ya Nigeria, kupata mgao wa haki wa mapato ya mafuta, na kuilinda ardhi yao dhidi ya uharibifu zaidi. Chama cha kupigania madai hayo, kilichojulikana kama MOSOP, kilianzishwa mwaka huo.

Serikali haikujibu. Saro-Wiwa akaacha takriban shughuli zake nyingine zote. Alizunguka vijijini akihutubia mikutano, na mwaka wa 1992 akafika Geneva kuwasilisha kilio cha watu wake mbele ya jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu jamii za kiasili. Mbinu aliyoisisitiza ilikuwa maandamano ya amani.

Mwaka huo huo wa 1992, serikali ya kijeshi ya Nigeria ilitoa Amri Nambari 86, iliyoagiza kwamba miradi mikubwa, ikiwemo ya mafuta, ifanyiwe tathmini ya athari za kimazingira kabla ya kuanzishwa.

Tathmini kama hiyo, inapofanywa ipasavyo, ina hatua zinazoeleweka na mtu yeyote. Mwenye mradi huajiri wataalamu wapime maji, udongo na hewa kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Huorodhesha mimea, wanyama na shughuli zinazowapa wakazi riziki. Hukadiria madhara, hueleza njia mbadala, na huonyesha jinsi atakavyoyapunguza. Wakazi huelezwa yote hayo kwa lugha wanayoielewa, nao hutoa maoni. Ndipo serikali huamua kutoa leseni, kutoa kwa masharti, au kukataa.

Kwa Waogoni, sheria hiyo ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba visima vyao vilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Ya pili ni kwamba serikali iliyotarajiwa kuwa mwamuzi ilikuwa pia mshirika katika biashara: shirika la mafuta la taifa lilimiliki zaidi ya nusu ya hisa katika ubia wake na Shell. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere.

Januari 4, 1993, Waogoni wapatao 300,000, zaidi ya nusu ya kabila lote, waliandamana kwa amani wakiwa wameshika matawi mabichi. Hapakuwa na ghasia. Ilikuwa siku kuu kuliko zote katika maisha ya Saro-Wiwa.

Utulivu huo haukudumu. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, kampuni moja ya Marekani iliyopewa kandarasi na Shell ilipeleka mashine kuchimba njia ya bomba katika eneo la Biara. Wakulima walilalamika kwamba mimea yao ilifyekwa kabla ya makubaliano ya fidia. Walipojitokeza kupinga, wanajeshi waliokuwa wakilinda mitambo waliwafyatulia risasi na kuwajeruhi baadhi yao.

Hapo ndipo umuhimu wa kusikiliza wakazi mapema ulipodhihirika. Swali ambalo lingejibiwa katika kikao cha kijiji, miezi kadhaa kabla ya mashine kuwasili, lilijibiwa kwa bunduki shambani. Kabla ya mwaka huo kuisha, Shell ilikuwa imesitisha uchimbaji Ogoni.

Wakati huo nyufa zilikuwa zimeanza kuonekana ndani ya MOSOP. Uchaguzi wa urais wa Juni 12, 1993 ulipokaribia, Saro-Wiwa alitaka Waogoni waususe. Rais wa chama, Garrick Leton, na naibu wake, Edward Kobani, walipinga msimamo huo na kujiuzulu. Saro-Wiwa akachaguliwa rais. Wazee waliotofautiana naye walidai kuwa vijana waliomfuata walikuwa wakiwatisha, na baadhi yao walitangazwa vijijini kuwa wasaliti waliohongwa na serikali. Wafuasi wake nao walidai kuwa serikali ndiyo iliyopanda uhasama huo.

Novemba 1993, Jenerali Sani Abacha alitwaa mamlaka. Kikosi maalumu cha usalama kilipelekwa Ogoni. Vijiji vilivamiwa, nyumba zikateketezwa na watu wakauawa.

Mei 21, 1994, wazee wanne mashuhuri wa Ogoni walikuwa kwenye mkutano huko Giokoo walipovamiwa na umati wa watu na kuuawa kinyama. Walikuwa Edward Kobani, Albert Badey, Samuel Orage na Theophilus Orage. Saro-Wiwa hakuwepo, siku hiyo wanajeshi walikuwa wamemzuia njiani na kumrejesha. Hata hivyo, alikamatwa kesho yake.

Alizuiliwa kwa miezi mingi kabla ya kufikishwa mbele ya mahakama maalumu iliyoundwa na serikali ya kijeshi, ambayo uamuzi wake haukuweza kukatiwa rufaa. Mawakili wake, akiwemo Gani Fawehinmi, walijiondoa wakisema kesi haikuwa ya haki. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka waliandika viapo wakidai walihongwa ili watoe ushahidi wa uongo. Mahakama haikuyumba, na mwishoni mwa Oktoba 1995 ikatoa hukumu ya kifo.

Akiwa kizuizini, alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood ya 1994 na ya Goldman ya 1995, tuzo ambayo Mkenya Wangari Maathai alikuwa ameipokea 1991. Hazikumwokoa. Alinyongwa siku mbili tu baada ya baraza la kijeshi kuidhinisha hukumu, huku viongozi wa Jumuiya ya Madola wakikutana Auckland, New Zealand. Kesho yake jumuiya hiyo iliisimamisha Nigeria uanachama.

Familia za wazee wanne waliouawa Giokoo pia zilibaki na majonzi yao, na hadi leo hazikubali kwamba wapendwa wao wasahauliwe kila jina la Saro-Wiwa linapotajwa. Msiba wa Ogoni uliwagusa watu wa pande zote mbili.

Saro-Wiwa alizikwa, lakini swali lake halikuzikwa naye.

Machi 1996, mashirika mawili ya kutetea haki yaliwasilisha malalamishi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake mjini Banjul, Gambia. Uamuzi ulitolewa Oktoba 2001. Tume ilisema Nigeria ilikiuka haki za Waogoni, ikiwemo haki ya kuishi katika mazingira yanayofaa. Iliitaka serikali ihakikishe tathmini za athari za kimazingira na kijamii zinafanywa kabla ya mradi wowote mpya wa mafuta, na kwamba wakazi wanaelezwa hatari zake na kupata nafasi ya kusikizwa.

Kwa bara la Afrika, huo ulikuwa mwongozo muhimu. Ulimaanisha kuwa tathmini si karatasi ya kufurahisha wafadhili bali ni sehemu ya haki ya raia.

Juni 2009, Shell ilikubali kulipa dola milioni 15.5 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na jamaa za waliouawa katika mahakama moja ya New York. Kampuni hiyo ilikana kuhusika na mauaji hayo, na haikukiri kosa lolote.

Kisha ikaja ripoti ya UNEP, iliyofanywa kwa ombi la serikali ya Nigeria. Wataalamu walifanya kazi nyanjani kwa miezi 14. Walichunguza zaidi ya maeneo 200 na kilomita 122 za njia za mabomba, wakapitia rekodi za matibabu zaidi ya 5,000, na kukutana na zaidi ya watu 23,000 katika mikutano ya vijiji.

Katika jamii ya Nisisioken Ogale, maji ya visima yaliyokuwa yakinywewa yalikuwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa kiwango kinachozidi mara 900 kile kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Katika maeneo kadhaa, mafuta yalikuwa yamepenya udongo kwa zaidi ya mita tano. Baadhi ya sehemu zilizodaiwa kuwa zimesafishwa zilipatikana zikiwa bado chafu. Mikoko ilikuwa imekufa. Ripoti ilitaja pia uharibifu wa wakora wanaoiba mafuta na kuyasafisha kiharamu vichakani.

UNEP ilikadiria kuwa kuirejesha Ogoni katika hali njema kungechukua miaka 25 hadi 30, na ikapendekeza mfuko wa dola bilioni moja kwa miaka mitano ya kwanza pekee. Shughuli hiyo ilizinduliwa Juni 2016, miaka mitano baada ya ripoti kutoka.

Lakini kuna jambo ambalo uchunguzi huo, pamoja na ubora wake, haungeweza kulirejesha. Kwa kuwa hapakuwa na tathmini kabla ya 1958, hakukuwa na kumbukumbu za kisayansi kuonyesha maji, udongo na samaki wa Ogoni walivyokuwa awali. Zilizobaki ni kumbukumbu za wazee. Tathmini inayofanywa kabla ya mradi ni kama daktari anayempima mgonjwa. Inayofanywa baada ya nusu karne hukaribia upasuaji wa maiti. Hueleza kilichoua, lakini haiponyi.

Somo hilo halikuishia Nigeria. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka wa 1999, inayoagiza tathmini ifanywe kabla ya mradi kuanza, na kuunda Halmashauri ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA). Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe kaunti ya Lamu, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wa Lamu waliuliza swali la Saro-Wiwa, wakasikizwa na mahakama kabla ya mtambo kujengwa.

Juni 12, 2025, Rais Bola Tinubu alitangaza msamaha kwa Saro-Wiwa na wenzake wanane, na kuwatunuku nishani za heshima za taifa. Kuna waliofurahi. Wengine, zikiwemo sauti kutoka kwa wanaharakati na jamaa, walisema msamaha hupewa aliyekosa, na kwamba walichotaka ni hukumu yenyewe itanguliwe.

Tangazo hilo lilikuja wakati serikali ikizungumza na viongozi wa Ogoni kuhusu uwezekano wa kurejelea uchimbaji wa mafuta uliositishwa 1993. Kwa wakazi wanaosubiri visima vyao vya maji visafishwe, nishani ni jambo moja. Jambo jingine, lililogharimu maisha ya wanaume tisa na wazee wanne, ni kama safari hii ardhi itapimwa, na wenyewe kuulizwa, kabla mtambo haujasimamishwa.